Saini ya Mjomba

Asubuhi niliyoondoka kwetu Sikonge sikumuaga mtu, kwa sababu sikujua kama naondoka. Nilikuwa nimetumwa chumvi. Dukani nikakuta lori linapakia mahindi ya Tabora, dereva anatafuta mtu wa kushika turubai lisipeperuke, nikapanda. Chumvi ya mama nilifika nayo Tabora. Pale stesheni nikaambiwa kuna treni ya Mpanda, na kwamba reli yenyewe inaishia hukohuko. Nilikuwa sijawahi kuona reli inavyoisha. Nikaenda kuangalia.

Inaishia kwenye majani. Kuna kizuizi cha chuma, halafu majani, halafu mbuzi wa watu. Nilisimama pale nusu saa nikiona nimepunjwa, kisha nikaanza kutafuta chakula, na huo ndio mwanzo wangu wa kuwa mtu wa Mpanda.

Vijana mliobaki ofisi ya matarishi mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla ya pikipiki na simu. Nitaandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwanza kwa sababu tarishi hana vyeo. Anaanza tarishi, anamaliza tarishi, katikati anabadilisha tairi.

Shule niliacha darasa la tano. Fundi redio alipita kijijini kwetu, nikamfuata vijiji vitatu ili nijue sauti inaingilia wapi. Niliporudi mwalimu alikuwa amenifuta kwenye daftari, na mimi sikuona haja ya kumsumbua aniandike tena. Lakini kusoma sikuacha. Mimi nasoma chochote chenye maandishi, hata karatasi ya kufungia karanga. Mpanda nilipasua mbao, nikarina asali, nikachukua samaki wakavu, migebuka, ziwani na kuwauza sokoni Makanyagio, nikatengeneza baiskeli. Huku na huku nikaokota Kikonongo, Kibende, Kifipa kidogo, na Kirundi cha kutosha kugombana na mtu na kupatana naye.

Baiskeli ndiyo iliyoniingiza kambini. Nje ya mji kulikuwa na kambi ya askari, jina lake naliacha, na tarishi wake alikuwa raia, Mzee Nswima, Mfipa mrefu mwenye suruali iliyobanwa kwa vibanio vya nguo isiingie kwenye mnyororo. Alileta baiskeli yake nimtengenezee breki. Nilipomaliza alinikuta nasoma bahasha zake.

"We, unasoma barua za jeshi?"

"Nasoma anwani tu, mzee. Hii imeandikwa Misunkumilo lakini huyu mtu amehama. Yuko Makanyagio sasa."

Akanitazama, akatazama bahasha. "Unamjua?"

"Nilimzibia pancha juzi."

Wiki iliyofuata nilikuwa msaidizi wake.

Siku ya kwanza alinikabidhi vifaa vinne. Mkoba wa turubai. Kalamu iliyofungwa kamba, kwa sababu watu wakishasaini huondoka na kalamu. Kopo la wino wa kidole gumba. Na kitabu cha dispachi, kile kirefu chenye jalada gumu, ambamo barua huandikwa kabla ya kutoka na mpokeaji husaini inapofika. Kitabu hicho, aliniambia, ndicho bosi wangu. Afande akiuliza barua iko wapi, usijibu wewe, kijibu kitabu.

"Na nisipomkuta mwenye barua?"

"Barua haina miguu, kijana. Ikifika kwa mkuu wa kaya, imefika. Mke, mpe mumewe. Binti, mpe baba yake, au kaka, au mjomba. Asipokuwepo hata mmoja, mwenyekiti wa kitongoji. Saini ni saini."

Nilifanya hivyo miaka mingi. Sikuona ubaya. Ndiyo ilikuwa adabu: ukiingia ua wa mtu unamwona kwanza mwenye ua, humpigii hodi binti yake. Mimi kijana mgeni, Msikonge asiye na ndugu, ningeita mabinti za watu kwa majina ningevunjwa miguu.

Barua nyingi zilikuwa za kawaida. Lakini baraza la kambi, yaani maofisa watatu waliokaa kusikiliza mashauri ya askari, nalo lilikuwa na barua zake. Hizo ndizo hati za wito. Utaratibu wa pale ulikuwa hivi: raia akimlalamikia askari, baraza lilisikiliza kwanza. Wakiona jambo lina uzito, mtu anakabidhiwa polisi na shauri linakwenda mahakamani mjini. Wasipoona uzito, jalada linafungwa na kuwekwa kabatini. Kwa hiyo baraza lilikuwa mlango. Na mimi, bila kujitambua, nilikuwa bawabu.

Niwape mfano nilioshuhudia kabla sijafika kwenye shauri lenyewe. Mwaka mmoja dizeli ilipotea stoo. Mashahidi walikuwa raia watano, wengine wanakaa Mishamo, mbali kabisa. Gari la kambi lilitumwa likawafuata mlangoni, likawarudisha, na kila mmoja alipewa chai. Hakuna aliyemuuliza mtunza stoo kwa nini aliweka dizeli mahali panapoonekana. Hakuna aliyeuliza kama dizeli ilikuwa na tabia nzuri. Askari aliyeiba alikabidhiwa polisi wiki ileile. Nilifurahi, nikadhani baraza ni hodari.

Sasa Odeta.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, kwao Mishamo, familia ya wakulima waliotoka Burundi zamani. Alikaa Misunkumilo kwa mjomba wake, Sabimana, aliyekuwa akiiuzia kambi maharage na unga wa muhogo. Odeta ndiye aliyesindikiza magunia na kusubiri yapimwe. Aliyeyapima na kuyapokea alikuwa sajenti wa jikoni. Siku moja mchana sajenti alimwambia aingie stoo ahesabu magunia matupu, akafunga mlango, akambaka. Odeta alitoka akaenda moja kwa moja ofisi ya mkuu wa kambi na nguo ileile, akasimama mbele ya karani, akasema jina la mtu na alichofanya. Karani aliandika, na kesho yake akapokea nguo ile aitunze. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa jalada.

Hati yake ya wito nilipewa siku mbili kabla ya baraza. Hati ya sajenti haikuhitaji tarishi, aliambiwa kwa mdomo wiki mbili mapema. Nikaendesha hadi Misunkumilo, nikamkuta Sabimana anashona magunia barazani.

"Odeta yupo?"

"Ametoka kidogo. Leta."

"Ni yake mwenyewe, mzee. Wito."

"Na mimi ni nani? Hapa mjini mimi ndiye baba yake. Leta nisaini, ni kitabu tu."

Akasaini vizuri, saini ya mfanyabiashara, yenye mkia. Nikamshukuru, nikanywa maji yake, nikaondoka. Siku ya baraza mlalamikaji hakufika. Kapteni aliyeongoza baraza akauliza kama aliitwa. Nikafungua kitabu, nikaonyesha saini. Kapteni akaandika, *ameitwa, hakufika bila sababu*, na jalada likafungwa. Yote hayo hayakuchukua muda wa chai kupoa.

Miezi miwili baadaye nilitoka getini na baiskeli nikamkuta amekaa kwenye jiwe ng'ambo ya barabara, kitenge kimefungwa kichwani kwa vumbi la safari. Mlinzi alikuwa amemkatalia kuingia siku tatu mfululizo.

"Baba Barua," akaniita. Ndivyo walivyoniita watoto wa Misunkumilo. "Nataka kujua shauri langu litasikilizwa lini."

Nikadhani ananitania. "Si lilishasikilizwa? Hukuja."

"Nani aliniita?"

"Mimi. Nilileta wito kwa mjomba wako."

"Lini?"

Nikatoa dispachi, nikatafuta ukurasa, nikamwonyesha. Akaangalia tarehe kwa kidole. Siku ile, akasema, yeye alikuwa na wiki nzima Mishamo. Mjomba alimpakia kwenye lori siku chache baada ya jambo lenyewe, akamwambia akapumzike kwa mama, kambi itamwita. Alikaa kwa mama akisubiri kuitwa.

"Hii ni saini ya nani?"

"Ya mjomba wako."

"Basi aliyebakwa ni mjomba?"

Hakupaza sauti. Mlinzi wa geti alikohoa akageukia upande wa pili. Mimi nilibaki nimeshika kitabu kama mtu aliyekamatwa akiwa na kuku wa jirani.

Nikamwuliza kwa Kirundi, ili mlinzi asifuate, kwamba sasa anataka nini. Akanijibu kwa Kiswahili, ili mlinzi afuate. "Nataka wanisikilize. Wakishanisikiliza wakasema naongopa, nitarudi kulima. Lakini wasiseme sikuja."

Nilisema mimi nasoma chochote. Ukutani ofisini kwa karani palikuwa na taratibu za baraza, karatasi zilizopauka ambazo hakuna aliyezitazama isipokuwa mimi na mijusi. Kifungu kimoja kilisema shauri lililofungwa kwa sababu mlalamikaji hakufika laweza kufunguliwa upya ikithibitika kwamba hakuitwa. Nani athibitishe? Kitabu kilisema aliitwa. Mtu pekee aliyejua zaidi ya kitabu nilikuwa mimi.

Nilimpeleka Odeta kwa mama mmoja wa kanisani kwao, Makanyagio, apumzike, kisha nikaenda kwa Mzee Nswima. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Nikamweleza.

"Ukisema hukumpa mkononi," akaniambia, "unasema kazi yangu yote haikuwa kazi. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Najisema mimi kwanza, mzee."

"Afande hatauliza nani wa kwanza."

Halafu akainuka, akaenda kwenye sanduku la bati ambamo alitunza vitabu vya dispachi vilivyojaa, kwa sababu alikuwa mtu wa namna hiyo, hatupi hata kipande cha mnyororo. Akavishusha. Tukaanza kutafuta hati za wito za wanawake. Sijui alitarajia kuona nini. Labda alitaka kunionyesha kwamba utaratibu wetu ulifanya kazi.

Tulipekua mchana kutwa. Barua za wanaume, saini zao wenyewe. Barua za wanawake waliolalamikia mambo kama ya Odeta, saini za waume, baba, kaka, na mwenyekiti mmoja aliyesainia nusu ya kitongoji. Mwanamke aliyesaini mwenyewe tulimtafuta mpaka Mzee akavua miwani. Pembeni, kwenye safu ya maelezo ambayo tulijaza baada ya baraza, mwandiko wake na mwandiko wangu ilisema neno moja kurasa kwa kurasa: *hakufika*.

"Nilidhani wanawake wa huku ni waoga," akasema Mzee Nswima.

Akafunga kitabu cha mwisho taratibu, akanisukumia vyote. "Chukua. Wakikuuliza umevipata wapi, sema kwangu."

Kapteni hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo ninalotaka nyie mlielewe. Alikuwa mpole, alisali Jumapili, alituuliza hali za watoto. Sajenti wa jikoni alicheza naye mpira. Nilipoingia na vitabu aliniruhusu kukaa, jambo ambalo halikuwa desturi. Nikasema nilichokuja kusema: hati ya wito haikumfikia mlalamikaji, nilimpa mtu mwenye biashara na jiko la kambi.

"Lakini imesainiwa."

"Imesainiwa, afande. Siyo na yeye."

"Mjomba ni mlezi wake."

"Mtu mzima huyo, afande. Na sajenti naye ana mjomba, Kigoma. Mbona hatukumpelekea mjomba wito wake?"

Akaweka kalamu chini. "Wewe ni tarishi au wakili?"

"Tarishi, afande. Ndiyo maana najua haikufika."

Alikaa muda mrefu akifunua kurasa za Mzee Nswima, moja baada ya nyingine. Sikumsaidia kuzisoma. Mwishowe akaita karani, akamwambia andika wito mpya, na akaongeza, bila kunitazama, kwamba kwa kuwa nimekiri uzembe, shauri likiisha nitakwenda bustani ya mchicha mpaka nitakapoitwa. Nikasema sawa, afande. Mchicha nao una mambo yake ya kujifunza.

Odeta alikuwa amesharudi Mishamo na lori la chumvi. Nikaomba gari la kambi likampelekee wito na kumleta, kama mashahidi wa dizeli. Karani akaniambia gari ni la mashahidi, huyu ni mlalamikaji. Sikubishana. Nilipaka mnyororo mafuta, nikafunga ndoo ya maji nyuma, nikaondoka.

Ilinichukua siku mbili. Mbung'o walinila msitu mzima. Mchanga ulipozidi nilisukuma, mlima ulipozidi nilisukuma, na mteremko ulipokuja breki zikakumbuka kwamba mimi ndiye fundi wao. Nilimkuta Odeta shambani kwa mama yake anapalilia mihogo. Mama yake, mwanamke mfupi mwenye jembe begani, alikuja kunipokea kwa desturi, akanyoosha mkono apokee barua.

"Samahani, mama," nikamwambia kwa Kirundi. "Hii nampa mwenyewe."

Akaniangalia kama sina adabu. Alikuwa na haki, kwa adabu tuliyoizoea. Odeta akajifuta udongo, akachukua kalamu yenye kamba, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa, polepole, mpaka likavuka mstari na kuingia safu ya maelezo. Sikumwambia limevuka.

Siku ya baraza alifika mapema kuliko maofisa. Sajenti alipewa kiti chenye mikono, akaambiwa aeleze kwa nafasi yake. Odeta alisimama. Mimi nilikuwa mlangoni, kwa kuwa ndimi niliyethibitisha wito, na nilisikia maswali. Kwa nini uliingia stoo? Ulikuwa umevaa nini? Kwa nini hukupiga kelele? Ulikuwa na urafiki naye?

Alijibu yote bila kutikisika. Niliingia kwa sababu aliniambia nikahesabu magunia, na kuhesabu magunia ndiyo kazi niliyotumwa. Nguo iko kwa karani, iangalieni. Nilipiga kelele, mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma. Rafiki yangu hakuwa.

Ofisa mmoja akauliza, "Na kwa nini mara ya kwanza hukuja?"

Akageuka akaninyooshea kidole, siyo kwa hasira. "Mwulizeni huyo. Leo nimeitwa, nimekuja."

Kapteni akasema swali hilo lifutwe, limeshajibiwa. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona: akaagiza Odeta aletewe kiti.

Karani alithibitisha nguo. Fundi wa mashine alikubali kwamba ilikuwa inasaga saa ile. Jioni ile baraza lilisema jambo lina uzito, na sajenti akakabidhiwa polisi. Mahakama ya mjini ilichukua muda wake, kama kawaida ya mahakama, lakini ilimtia hatiani, akafungwa. Nimeliandika kwa kifupi kwa sababu sehemu hiyo haikuwa yangu. Sehemu yangu ilikuwa saini moja, na nilishaikosea.

Bustanini nilikaa msimu mzima. Nikajifunza kwamba mchicha ukivunwa kwa kung'oa haurudi, ukivunwa kwa kukata unarudi. Mzee Nswima alistaafu nikiwa huko. Alikuja kuniaga, akaniachia vibanio vyake vya suruali. Kuhusu vitabu hakusema kitu, ila alipofika getini aligeuka akasema, "Wale wengine." Akaenda zake. Nami niliwafikiria wale wanawake wa vitabuni, na bado nawafikiria. Niliporudishwa kwenye utarishi, wachache kati yao niliwatafuta kwa baiskeli, siku zangu za mapumziko. Wengine walishahama. Mmoja alikuwa amefariki. Wawili walinifukuza, na mmoja alinikaribisha ugali akaniambia amechoka, niache. Niliacha. Mmoja tu alikubali jalada lake lifunguliwe. Niwaambie ukweli, lake halikufika popote.

Tangu hapo nikashika kanuni moja, na ndiyo pekee ninayowarithisha: wito wa mtu unampa yeye. Mkuu wa kaya msalimie, kunywa maji yake, muulize mvua, mweleze kwa heshima kwamba mkononi mwako kuna kitu kisicho chake. Akikasirika, kaa. Mtu hawezi kukasirika kutwa nzima, ana kazi. Mkinipigia kelele kwamba siku hizi mnatuma ujumbe wa simu, nitawauliza simu hiyo iko mfukoni mwa nani.

Sabimana hakunisalimia tena. Odeta nilimwona mara moja baadaye, sokoni Makanyagio, na ndoo ya karanga na mtoto mgongoni. Alinitazama, akatazama mkoba.

"Baba Barua. Leo una yangu?"

"Sina."

"Afadhali," akasema, akanimiminia karanga kiganjani.

Nilistaafu mwezi uliopita. Walinipa shuka na saa ya ukutani. Nyumbani nilikaa wiki tatu, kukashinda. Juzi asubuhi nilitoka kununua sabuni, nikakuta basi linaita Karema, na mimi ziwa nilikuwa naliona siku zote kwa biashara ya samaki, sijawahi kuliona kwa kukaa tu. Nikapanda. Mkoba ninao, vibanio ninavyo, sabuni pia ninayo.

Tulifika alasiri. Nyumba ya wageni niliyoipata ina vyumba sita na binti mmoja anayeiendesha, mchangamfu, redio inaimba nyuma yake. Akafungua kitabu cha wageni, akaniuliza jina, natoka wapi, naenda wapi. Hapo pa kwenda nikasema sijui, akacheka, akaandika hivyohivyo. Alipofika mwisho wa mstari akaona nimejishika kiuno.

"Umechoka, babu. Kaingie chumbani, hapa kwenye saini nitakusainia. Wazee wote huwa nawasainia, ni kitabu tu."

Nilishapiga hatua moja kwenda chumbani, nikarudi mezani.

"Nipe kalamu, mjukuu wangu," nikamwambia.